Madogo wawili wa Styal waliotembea karibu kilomita 300 kwenda kuwaona mama zao

Juni 1806 madogo wawili waliondoka Styal, kijiji cha kusokota nyuzi za pamba kule Cheshire, kusini kidogo ya Manchester, wakashika njia ya London kwa miguu. Mmoja aliitwa Thomas Priestley, miaka 13, mwingine Joseph Sefton, miaka 17. Walikuwa wanakwenda Hackney, huko huko London, kuwaona mama zao, basi. Ni karibu kilomita 300, yaani chukua Dar mpaka Morogoro halafu ongeza nusu ya safari hiyo tena, kwa miguu, na huyu Thomas mkono wake wa kushoto haukuwa na kidole cha shahada maana mashine ilishaking'oa.

Tunakijua kisa hiki kwa sababu walikamatwa. Tarehe 2 Agosti 1806 walisimamishwa mbele ya mahakimu wa Middlesex, wakaulizwa maswali, na majibu yao yakaandikwa na yakahifadhiwa. Watoto wengi sana wa viwanda vya pamba walipita duniani bila kuacha hata sentensi moja ya kwao, hawa wawili wameacha kurasa nzima, wamesema wanakula nini siku gani, wanalala vipi, shuka zinabadilishwa lini. Na ninachotaka kusema kwenye uchambuzi huu ni kwamba watu wengi wakisoma maelezo yao wanabishana kama bosi alikuwa mtu mzuri au mbaya, wakati kitu kikubwa kabisa kiko mbele ya macho yao. Ni ule umbali. Watoto wa Hackney hawakujikuta tu mbali na mama zao kwa bahati mbaya, kuna watu waliokaa, wakapiga hesabu, wakaona faida ya kuwapeleka mbali.

Ila tuanze na kijiji chenyewe. Styal ilikuwa mashamba tu, familia chache, na chini bondeni unapita mto Bollin. Mwaka 1784 mfanyabiashara wa Manchester, Samuel Greg, mzaliwa wa Belfast aliyelelewa na mjomba wake tajiri wa biashara ya nguo, akaliona lile bonde akajenga kiwanda akakiita Quarry Bank. Wakati ule mashine za kusokota uzi za mtindo wa Richard Arkwright zilikuwa zinaendeshwa na gurudumu la maji, injini za mvuke zilikuwa bado hazijashika kasi viwandani, kwa hiyo mwenye mtaji alikuwa anafuata mto unaporomoka wapi, hafuati watu wanaishi wapi. Maji yapo, ardhi ipo, wafanyakazi hakuna. Pamba yenyewe ilikuwa inatoka ng'ambo, Karibiani, Brazil, baadaye majimbo ya kusini ya Marekani, inashushwa Liverpool halafu inaletwa kiwandani.

Sasa wafanyakazi utawatoa wapi porini? Ndo hapo watoto wanapoingia. Mwaka 1790 Greg akajenga nyumba ya wanagenzi, jengo moja la kuwalaza watoto kama 90, wasichana wengi kuliko wavulana. Mwanagenzi kwa jina ni mtoto anayejifunza ufundi, anakula na kulala kwa bwana wake, halipwi mshahara mpaka mkataba uishe. Mtoto wa fundi seremala akitoka hapo anakuwa seremala kweli. Ila mtoto wa kiwanda cha pamba alikuwa anaunga nyuzi zilizokatika, miaka na miaka, na akimaliza mkataba anachokijua ni kuunga nyuzi zilizokatika. Miaka ya mwanzo hawa watoto walikuwa karibu nusu ya wafanyakazi wote wa Quarry Bank. Hebu fikiria kiwanda ambacho nusu yake ni watoto.

Na walikuwa wanatoka wapi? Wengi kwenye nyumba za maskini za parokia, na parokia hapa ni eneo la kanisa ambalo pia lilikuwa linafanya kazi ya serikali ya mtaa. Uingereza ya wakati ule maskini alikuwa mzigo wa parokia yake, wenye nyumba na mashamba wanatozwa kodi, kodi ile inalisha maskini waliozaliwa pale au waliopata haki ya kuwa wa pale. Mama akifiwa au akitelekezwa, au kazi ikikosekana, anaishia nyumba ya maskini na watoto wake. Kwa hiyo kila mtoto wa nyumba ya maskini ni bili, na walipa kodi wanaiangalia ile bili.

Halafu kuna kipengele kimoja cha sheria ambacho ukikielewa hiki kisa chote kinafunguka. Mwanagenzi akikaa siku 40 kwenye parokia ya bwana wake, haki yake ya kuhudumiwa inahamia kule. Siku 40 tu! Baada ya hapo mtoto wa Hackney siyo wa Hackney tena. Akiumia, akiugua, akizeeka bila kitu, akizaa watoto maskini, yote hayo ni ya parokia mpya. Kwa hiyo viongozi wa parokia hawakuwa wanaokoa chakula cha mtoto wa leo peke yake, walikuwa wanafuta mzigo wa maisha yake yote kwa kumtoa nje ya mipaka, na akienda mbali zaidi ndo vizuri zaidi maana hawezi kurudi akabisha hodi.

Kuna barua ya mwaka 1817 ambayo mimi kila nikiikumbuka inanikaa kifuani. Mchungaji wa parokia ya Biddulph anamwandikia Greg kwa lugha ya adabu kabisa, kwamba limemjia wazo, huenda baadhi ya watoto maskini wa parokia yake wangemfaa kiwandani, na kama anahitaji wanaweza kumpatia kumi au zaidi, wa miaka 9 mpaka 12, wa kike na wa kiume. Kumi au zaidi. Ndivyo unavyoagiza matofali. Na masharti ya upande wa kiwanda yalikuwa mtoto aje na nguo zake, mashati mawili, soksi jozi mbili, magauni mawili, aproni mbili, pamoja na gini mbili, yaani pauni mbili na shilingi mbili, za kumnunulia mahitaji mengine. Yaani parokia ndiyo inayolipa ili mtoto achukuliwe. Watu wetu wanaojua habari ya binti anayetolewa kijijini kwa ahadi kwamba huko mjini atasomeshwa, kisha anaonekana tena baada ya miaka saba, wataielewa hii barua bila kufafanuliwa sana.

Basi Joseph na Thomas wakawa wamepita njia hiyo hiyo, kutoka nyumba ya maskini ya Hackney mpaka Styal.

Tuje kwenye maelezo yao sasa, na hapa nitakaa kidogo maana ndo utamu na uchungu wa kisa ulipo. Joseph alisema kazi inaanza saa 12 asubuhi, kiangazi na baridi sawa, mpaka saa 1 jioni. Kazi ya usiku hakuna. Kifungua kinywa wanaletewa humo humo kiwandani na wanapewa dakika 10 za kula, na hizo dakika 10 wanazilipa jioni kwa kufanya kazi zaidi. Chakula cha mchana nusu saa, isipokuwa siku mbili kwa wiki wanapata saa nzima kwa sababu mashine zinapakwa mafuta. Na nani anapaka mafuta? Yeye mwenyewe Joseph, analipwa nusu peni kila mara. Kwa hiyo zile siku mbili ambazo wenzake wana saa nzima ya kupumzika, yeye yuko kwenye mashine na kopo la mafuta. Ovataimu ililipwa peni moja kwa saa.

Chakula alikisema siku kwa siku. Jumapili nyama ya nguruwe ya kuchemsha na viazi, na msimu ukifika kuna njegere, maharage, kabichi. Jumatatu maziwa na mkate, mara nyingine uji mzito. Jumanne maziwa na viazi. Jumatano mara nyama ya nguruwe ya chumvi na viazi, mara maziwa na mkate. Ijumaa nyama iliyopikwa pamoja na viazi na vitunguu. Jumamosi uji mzito. Akasema wanakula mpaka washibe. Kinywaji maji tu, ukiumwa unapewa chai. Vyumba visafi, sakafu inaoshwa, madirisha yanafunguliwa kila siku, ukuta unapigwa chokaa mara moja kwa mwaka. Wavulana wanalala wawili kitanda kimoja, shuka safi mara moja kwa mwezi, shati safi kila Jumapili, nguo mpya za Jumapili kila baada ya miaka miwili. Jumapili asubuhi kanisani, mchana darasani, halafu ndo muda wa kucheza.

Ukilinganisha na viwanda vingine vya wakati ule, na ukilinganisha na mitaa ya maskini ya London, hii siyo jehanamu. Lazima niseme hivyo kwa haki. Greg alikuwa anamlipa daktari, Peter Holland, aje kuwaangalia wale watoto, jambo ambalo wenye viwanda karibu wote hawakulifikiria kabisa, na mke wake Hannah alikuwa mtu wa dini na elimu aliyejihusisha na masomo yao. Na Joseph mwenyewe aliwaambia mahakimu kwamba hana la kumlalamikia bwana wake.

Ila usiishie hapo kama wengi wanavyoishia. Weka maelezo ya Joseph pembeni ya sheria ya 1802, ile ya kulinda afya na maadili ya wanagenzi wa viwandani iliyopelekwa bungeni na Sir Robert Peel mkubwa, ambaye naye alikuwa na viwanda vya pamba. Sheria inasema mwanagenzi asizidi saa 12 za kazi kwa siku, bila kuhesabu muda wa kula. Sasa piga hesabu. Saa 12 asubuhi mpaka saa 1 jioni ni masaa 13. Toa nusu saa ya chakula, yanabaki 12 na nusu. Zile dakika 10 za kifungua kinywa huwezi kuzitoa kwa sababu zinalipwa jioni. Siku mbili za mafuta zinatoka masaa 12 kamili kwa wenzake, kwa Joseph zinatoka 13 maana saa yake ya kula anapaka mafuta, hata kama anatafuna huku anapaka. Hapo ovataimu bado. Sheria inataka kuta zipigwe chokaa mara mbili kwa mwaka, yeye kasema mara moja. Sheria inataka seti nzima ya nguo mpya kila mwaka, yeye kasema za Jumapili ni kila miaka miwili. Yaani kijana anayesema hana malalamiko, kwenye pumzi hiyo hiyo ametaja mambo matatu yaliyo chini ya kiwango cha sheria, kiwango chenyewe cha chini, na hakuna mahali panapoonyesha yeye alijua kwamba sheria hiyo ipo. Na nani angemwambia? Sheria ile haikuwa na wakaguzi wa kulipwa, walitegemewa hakimu mmoja na mchungaji mmoja wa eneo lile waje kutembelea, watu wa daraja moja na mwenye kiwanda. Wakaguzi wa serikali walikuja na sheria ya 1833.

Jiulize pia anasema mbele ya nani. Kijana wa miaka 17 kakamatwa kwa kuvunja mkataba, amesimama mbele ya wazee wenye uwezo wa kumwadhibu, anajua anarudishwa kwa bosi huyo huyo. Mimi siamini kwamba alidanganya. Naona alisema kweli kwa yale aliyoulizwa. Chakula kipo? Kipo. Mnalala vipi? Vizuri. Ila jibu la "hana malalamiko" linapotolewa na mtu aliyeshikiliwa, uzito wake ni tofauti na likitolewa na mtu aliye huru kuondoka.

Na Thomas. Kazi yake ilikuwa kuangalia mashine mbili za kusokota, kila moja ina nyuzi kama 50, analisha pamba na kuunga nyuzi zinazokatika. Ukihesabu ni nyuzi 100 za kukodolea macho, na huyu ni mtoto wa miaka 13. Uzi ukikatika mashine haisimami ikusubiri, unaingiza vidole kati ya vitu vinavyozunguka, unashika ncha ya huku na ncha ya kule, unaviringisha zishikane, unatoa mkono. Siku moja gurudumu likamshika kidole cha shahada cha mkono wa kushoto likaking'oa. Alisema alitibiwa na daktari wa kiwanda, na baada ya kama wiki sita akapona. Ni hivyo tu kwenye maandishi, kidole kinatajwa kwa utulivu ule ule wa viazi vya Jumanne. Mtoto ameumia namna ile, kwenye nyumba ya watoto 90, mbali kabisa na mama yake. Hapo mtu akikuuliza kwa nini alitaka kumuona mama yake, kweli utahitaji maelezo?

Ndo maana nasema kesi hii ubishi wa bosi mzuri au bosi mbaya hauimalizi. Chukua kila kizuri kilichosemwa kuhusu Styal, kikubali chote, bado wale madogo waliondoka. Kitu walichokosa hakikuwa kwenye orodha ya vitu ambavyo mwenye kiwanda angeweza kuvitoa jikoni au kwenye stoo ya nguo. Parokia ilishaamua kwamba mtoto na mama yake wasiwe tena watu wa mahali pamoja, kwa sababu kuwatenganisha ni nafuu ya kodi. Mguu kwa mguu wale wavulana wakaurudisha nyuma uamuzi huo kwa wiki chache za kiangazi cha 1806. Baadaye walirudishwa Styal wakamalizie mkataba.

Baada ya miaka kumi bunge lenyewe likaja kukiri kwamba umbali ndo tatizo. Sheria ya 1816 ilizikataza parokia za London kupeleka watoto uanagenzi zaidi ya maili 40, kama kilomita 64. Thomas alikuwa amepelekwa zaidi ya mara nne ya hapo. Sheria ile ingekuwepo mapema asingeiona Styal kabisa.

Kuna upande wa pili wa familia hii lazima utajwe, maana ukielezea Styal bila huo unakuwa umeacha nusu ya hela. Akina Greg walikuwa na shamba la miwa kisiwa cha Dominica, linaitwa Hillsborough, linalolimwa na watumwa waliotolewa Afrika na vizazi vyao. Mwaka 1814 kuna watumwa wa Hillsborough waliotoroka, wakakamatwa, wakachapwa viboko. Siwezi kulinganisha mkataba wa Joseph na utumwa wao, Joseph alikuwa na tarehe ya kuwa huru na mahakimu walimsikiliza wakaandika maneno yake, wale wa Dominica hawakuwa na hicho wala kile. Lakini mwenye mali ni yule yule, na ndani ya miaka minane alikimbiwa pande zote mbili za bahari. Utumwa ulipofutwa miaka ya 1830, fidia ya serikali ya Uingereza ilikwenda kwa familia ya Greg. Watumwa wenyewe hawakupata kitu.

Styal iliendelea kukua. Mwaka 1818 likafungwa gurudumu kubwa la maji la kipenyo cha karibu mita 10, na miaka ya 1820 zikajengwa nyumba za wafanyakazi wenye familia, kila moja na vyumba vyake, choo uani na kibustani cha mboga, kanisa dogo na shule vikafuata. Hapo ndo palianza kuwa kijiji cha kiwanda hasa, na kadiri familia zilivyoongezeka haja ya watoto wa parokia ikapungua. Samuel Greg alikufa 1834, mwanawe Robert Hyde Greg akashika usukani, naye alikuwa mpinzani mkali wa sheria za kupunguza masaa ya kazi. Watoto waliendelea kutoroka. Mwaka 1836 msichana wa Liverpool, Esther Price, alitoroka, aliporudi akafungiwa peke yake kwenye chumba cha nyumba ya wanagenzi, dirisha limezibwa kwa mbao. Mfumo wa wanagenzi Quarry Bank ulikoma 1847.

Kiwanda kilisimama kufanya biashara 1959, leo ni makumbusho chini ya National Trust, shirika la kuhifadhi urithi wa Uingereza, ndege za uwanja wa Manchester zinapita juu yake, na ile nyumba ya wanagenzi bado ipo na bustani yake, kuta nyeupe.

Kwenye maelezo ya Joseph kuna kitu kimoja kidogo ambacho huwa sikiachi. Alipoulizwa habari za nguo alisema koti za kazi wanapewa mpya zile za zamani zikichakaa, ila kiangazi kilichopita kuna waliokosa. Halafu akaongeza kwamba wakati yeye anaondoka, makoti mapya yalikuwa yanashonwa. Alikuwa anajua. Angesubiri kidogo tu angevaa koti jipya, na hakusubiri.